Mwaka wa kujitolea Ujerumani kupitia kanisa: tathmini yangu baada ya kuhudumia watoto Nürnberg

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma hapa fomu ikiwa tayari mezani. Mpango ni mzuri, na mdogo wangu akitaka kwenda nitakaa naye nimsaidie kujaza karatasi. Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu za msingi ambazo nitazieleza, na baridi haimo.

Ninaouzungumzia ni ule mwaka wa kujitolea Ujerumani ambao vijana wa huku Tanzania huupata kupitia makanisa na mashirika yake. Unatumikia kituo cha watoto, cha wazee au cha watu wenye ulemavu. Unapewa pa kulala, chakula au fedha ya chakula, bima ya afya na posho ndogo ya mfukoni. Mimi nilipangiwa watoto, mjini Nürnberg, jimbo la Bavaria. Kituo sitakitaja jina, wala shirika lililonipeleka. Wale watoto wako chini ya uangalizi wa idara ya ustawi wa vijana, na anayekijua kituo hakawii kumjua mtoto.

Shangazi yangu aliposikia naenda Ujerumani kuhudumia watoto wenye shida alidhani nimeshatapeliwa. "Watoto gani wa Kijerumani hao wenye shida?" Swali lake ni la haki na wengi wanalo. Kwa takwimu rasmi za huko, takriban mtoto mmoja kati ya saba anaishi kwenye kaya iliyo katika hatari ya umaskini. Si umaskini wa kulala njaa. Ni mama anayelea peke yake huku sonona imemlaza kitandani, baba aliyepotelea kwenye pombe, familia ya watu watano kwenye vyumba viwili, mtoto aliyekimbia vita Syria ambaye hadi leo mlango ukibamizwa anajificha chini ya meza. Nguo anazo, simu anayo. Mtu wa kukaa naye mezani akamsikiliza ndiye hana.

Utaratibu wenyewe umezaliwa kanisani. Mwaka 1954, Hermann Dietzfelbinger, aliyekuwa akiongoza taasisi ya mashemasi wa kike ya Neuendettelsau, kijiji kisicho mbali na Nürnberg, aliwaita wasichana watoe mwaka mmoja wa maisha yao wahudumie wenye uhitaji. Wito ukasambaa, na mwaka 1964 ukatungiwa sheria. Mwaka 2011 Ujerumani iliposimamisha jeshi la lazima, serikali ikaanzisha huduma ya kujitolea ya shirikisho, na tunaotoka nje wengi tunaingia kwa mlango huo. Halafu kuna weltwärts, mpango wa wizara yao ya ushirikiano na maendeleo. Ulianza 2008 kwa kuwaleta vijana wa Kijerumani kwetu, na ndio wale kaka na dada tunaowaona Moshi na Arusha wamebanana nasi kwenye daladala, begi kubwa magotini. Sisi kwenda kwao kuliruhusiwa baadaye, kuanzia 2013. Mimi ni Mlutheri wa Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na tangu hapo kutumwa kulikuwa zaidi ni kwa watu wa kule kuja huku. Kwa hiyo nilipopewa barua ya kwenda kutumika nililia, na mama yangu alilia zaidi.

Kazi sasa. Kituo changu kiko Gostenhof, mtaa wa watu mchanganyiko hasa: Waturuki, Waromania, Wasyria, Wajerumani wenyewe, maduka ya kebabu na makanisa na misikiti ya ghorofani. Kinaitwa kundi la mchana. Watoto wasiozidi kumi, wa miaka saba hadi kumi na tatu, wanakuja wakitoka shule, wanakula, wanafanya kazi za shule, wanacheza, jioni wanarudi kwao. Hawakuondolewa nyumbani. Nia yote ya kituo ni wasiondolewe. Walezi ni watu waliosomea kazi hiyo chuoni, na kila mtoto ana mpango wake wa maandishi ambao wazazi, walezi na idara ya ustawi hukaa pamoja kuupitia baada ya miezi kadhaa. Mimi nilikuwa nyongeza: kuwafuata wadogo shuleni, kuandaa meza, kusaidia hesabu, kucheza mpira, kufuta pua, kusuluhisha ugomvi wa nani alikaa wapi.

Kuna kijana mmoja wa miaka kumi nataka mumjue, ingawa jina lake linabaki kwangu. Alikuwa hasomi kwa sauti mbele ya mtu yeyote. Kitabu kikifunguliwa tu anakunja uso, anasukuma kiti, anatoka. Walezi hawakumlazimisha. Siku moja mimi nilikuwa na zoezi langu la Kijerumani, nikakaa upande wa pili wa meza ileile nikaanza kulifanya. Kijerumani kila jina la kitu lina jinsia, na kanuni za kukuokoa ni chache, unakariri. Nikaandika meza kwa jinsia ya kike. Yule kijana akachungulia, akanyosha kidole bila kusema neno, akachukua penseli yangu akafuta, akaandika sahihi. Kisha akashuka mstari mmoja mmoja hadi mwisho wa ukurasa. Kesho yake alinikuta na karatasi aliyoiandika nyumbani, maneno ya jikoni yote kwa rangi tatu, akaibandika kwenye friji akaniambia nitahojiwa Ijumaa.

Na kweli alinihoji. Baada ya muda akaanza kunisomea kitabu chake cha wazima moto, maana alisema matamshi yangu hayatanyooka bila kusikia. Alisoma kwa sauti kurasa nzima nzima, akisimama kunifanya nirudie. Mlezi mkuu alikuwa akikausha vyombo mlangoni, akaendelea kukausha sahani moja ileile hadi sura ilipoisha.

Hapo ndipo nilipouelewa mpango huu na kwa nini natetea vijana wetu wapelekwe. Mtoto yule tangu darasa la kwanza alikuwa ni wa kusaidiwa. Kila mtu mzima aliyemkaribia alikuwa na kitu cha kumrekebisha. Nilikuja mimi, mtu mzima nisiyejua kuagiza mkate vizuri, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye mwenye ujuzi. Kijana wa Kijerumani angeweza kufanya kazi zangu zote pale, lakini hilo asingeweza kumpa.

Mjue pia wana mashaka gani wale watoto. Bavaria, mtoto akiwa darasa la nne, yaani kwenye miaka kumi, anachujwa. Alama zao zinakwenda kinyume na tulivyozoea, moja ndiyo bora na sita ndiyo mbovu. Ukipata wastani wa 2.33 katika Kijerumani, hesabu na maarifa ya jamii na mazingira unaruhusiwa kwenda shule inayoelekeza chuo kikuu. Ukipata 2.66 unakwenda ya kati. Wengine kwa kawaida wanaelekezwa shule ya ngazi ya chini ya hizo mbili. Watoto wa kundi langu wanaijua hesabu hiyo kama sisi tulivyoijua siku ya matokeo ya darasa la saba, ila wao ni wadogo zaidi, na nyumbani hakuna wa kuwasaidia. Nimemshika mkono msichana aliyepata 3.0. Mtu asiniambie kwamba hawa si watoto wenye uhitaji.

Kuhusu nidhamu nina mengi, na hapa mtu yeyote mwenye vituo vya watoto Tanzania ningependa anisikilize. Ujerumani tangu mwaka 2000 sheria inasema mtoto ana haki ya kulelewa bila kupigwa, awe nyumbani au popote. Mimi nimekua na fimbo, shuleni na nyumbani, na nilikwenda nikiamini kabisa kwamba mtoto asiyechapwa haelekei. Mwezi wa pili mvulana mmoja alirusha kiti kikagonga ukuta karibu na kichwa cha mwenzake. Mlezi mmoja aliwatoa wengine nje kwa utulivu. Mwingine alikaa chini sakafuni, mbali kidogo na yule mvulana, akanyamaza naye. Walikaa hivyo muda mrefu. Baadaye mtoto alirekebisha ukuta mwenyewe, kwa plasta na rangi, akiwa na fundi wa kituo, na alimwandikia mwenzake barua. Adhabu ilikuwepo, tena nzito. Ila haikumdhalilisha. Nilimfuatilia mwaka mzima na kiti hakikurushwa tena. Sasa hivi darasa langu la shule ya Jumapili hapa usharikani halina fimbo, na wazee wa kanisa walioniuliza nimewaeleza.

Jambo lingine la kuigwa ni picha. Kabla ya kuanza nilileta cheti cha polisi cha tabia njema, nikasaini kwamba habari za watoto hazitoki nje ya kituo, na simu inabaki kabatini wakati wa kazi. Hakuna picha ya mtoto kwenye status, hata ya kisogo. Ndugu zangu nyumbani walikuwa wakilalamika mbona sitoi picha za "watoto wako wa Kizungu". Nikakumbuka vituo vyetu, jinsi wageni wanavyoshuka kwenye gari na kabla hawajasalimia wameshapiga picha watoto wenye kamasi, na sisi wenyeji tunawapanga watoto mstari wapigwe vizuri. Kama mtoto wa Gostenhof ana haki ya uso wake, wa Majengo na Pasua pale Moshi anayo vilevile. Hili limenikaa sana.

Na imani? Wengi mnauliza kama unahubiri. Huhubiri. Kituo ni cha kanisa, lakini watoto wapo wa Kiislamu, wa Kikristo na wasio na dini yoyote, na wazazi hawakuwaleta wabadilishwe. Kabla ya chakula kuna sala ya mezani kutoka Zaburi ya 145, ile ya macho ya wote kumwelekea Mungu naye huwapa chakula kwa wakati wake. Anayetaka anasali, mwingine anakaa kimya, na binti mmoja wa Kisyria alikuwa anakunjua viganja kwa namna ya kwao. Nyama ya nguruwe haipikwi, basi wote wanakula sufuria moja. Mimi nilijiuliza mwanzoni utume wangu uko wapi kama sitaji jina la Yesu. Jibu nililipata kwa swali la mtoto. Msichana mmoja aliniuliza nalipwa kiasi gani kuwa nao. Nikamwambia napewa posho, si mshahara, nimekuja kwa kupenda. Alifikiri, akasema, "Kwa hiyo ukitaka unaweza kuondoka, na huondoki." Watu wazima wote waliokuwa na faili lake walikuwa waajiriwa, watu wema na waaminifu, lakini waajiriwa. Kanisa limenituma pale kwa ajili ya sentensi hiyo.

Jumapili mjiandae. Nürnberg ni mji uliopokea Matengenezo ya Kanisa mwaka 1525, na makanisa yake makubwa, Mtakatifu Lorenz na Mtakatifu Sebald, yanainua moyo ukiingia tu. Lakini waumini ni wachache, wengi wazee. Kwa mtu aliyezoea ibada ya kwanza ya usharika wetu, watu wamejaa hadi nje kwenye viti vya plastiki, ni mshtuko. Jiunge na kwaya mapema. Mimi kwaya ndiyo iliyonipa mama wa pili, dada wa kuniita chakula cha Jumapili na mtu wa kunipeleka hospitali meno yaliponiuma.

Siku za semina ni 25 kwa mwaka mzima wa huduma, na ni kati ya vitu bora vya mpango. Unakaa na vijana wengine wanaojitolea, wengine wametoka Peru, India, Ufilipino, mnazungumza kazi, ubaguzi, imani, upweke. Ningeongeza siku kama ningeweza.

Nilipozuia nyota sasa. Kwanza maandalizi. Semina ya kabla ya safari ilitufundisha kuwahi, kutenganisha takataka na kuvaa nguo nzito. Kuhusu mtoto aliyeumizwa moyo, namna ya kukaa naye, jinsi ya kumsoma kabla hajalipuka, hatukufundishwa chochote. Hilo ni kosa kubwa kwa mpango unaowapeleka vijana kwa watoto kama wale. Anayekuandaa muulize hili kabla hujasaini.

Pili, lugha. Mimi nilitakiwa kiwango cha A1, yaani cha kuanzia. Hakitoshi kwa watoto. Mzee atakuvumilia, mtoto mwenye hasira hakuvumilii. Nawashauri mfike A2 iliyoiva, na B1 kama mnaweza. Taasisi ya Goethe ipo Dar es Salaam na inafundisha vizuri, ila anayetoka mkoani lazima apate pa kukaa Dar miezi kadhaa, na hilo linawaacha nje vijana wengi wa vijijini ambao ndio wangefaa. Mashirika yakilipa malazi ya Dar yatapata watu bora.

Tatu ni suala la kufanywa mbadala wa mwajiriwa. Kanuni iko wazi: anayejitolea ni nyongeza, hachukui nafasi ya mlezi. Majira ya baridi walezi wawili waliugua pamoja, nikajikuta peke yangu na kundi la watoto wa kazi za shule mchana mzima, tena kwa wiki kadhaa. Nilimwandikia mratibu wa semina, akaja kituoni, likarekebishwa. Lakini nilisubiri zaidi ya ilivyopaswa. Wewe ukiona hivyo usikae kimya kwa heshima ya ugeni. Mweleze msimamizi wako kwa maandishi, na mratibu pia. Kule anayesema haonekani mkorofi.

Kuaga kulikuwa kugumu, na hapa nakisifu kituo. Mtoto aliyekwishaachwa na watu hapaswi kuachwa tena ghafla, na mwaka mmoja ni muda wa kutosha kumzoea mtu. Miezi miwili kabla sijaondoka, kalenda ilibandikwa ukutani na siku yangu ya mwisho imezungushiwa duara, wakawa wanaulizia na kukasirika kwa nafasi. Wiki ya mwisho wakanichukua matembezi waliyoyapanga wenyewe. Tulipanda U3, treni ya chini ya ardhi isiyo na dereva, wakanikalisha kiti cha mbele kabisa kwenye kioo kikubwa, na yule mwalimu wangu wa matamshi akanieleza mitambo yote jinsi inavyofanya kazi huku handaki likitujia. Tukamalizia Wöhrder See, ziwa la mjini lenye ufukwe wa mchanga, tukala chapati nilizopika asubuhi.

Kurudi ndiko kulikoachwa kabisa. Wenzetu Wajerumani wakirudi kwao wanapokelewa na vikundi vya waliotangulia, wana mikutano. Mimi nilishuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nikaandika ripoti, ikaishia hapo. Tuliorudi tuko wengi Kilimanjaro, Arusha na Mbeya, tuna ujuzi wa malezi ambao makanisa yetu yanauhitaji leo, na hakuna anayetukusanya. Nadhani hii ndiyo dosari kubwa kuliko zote. Na jambo dogo lakini muhimu: cheti cha utumishi utapewa kwa Kijerumani. Omba cha Kiingereza kabla hujaondoka, maana mwajiri wa hapa hatakisoma.

Fedha muongee nyumbani mapema, kwenye kikao cha familia, baba na wajomba wakiwepo. Posho ni ya nauli, vocha, sabuni na kofia ya baridi. Si ya kumsomesha mtu wala kumalizia nyumba. Nimeona kijana mwenzangu akikosa raha ya mwaka mzima kwa simu za kuombwa hela.

Wa kwenda ni nani, basi. Uwe na miaka kati ya 18 na 28, uwe umeshafanya kazi na watoto hapa nyumbani kwa hiari yako, na uwe tayari kurudi. Anayetafuta njia ya kubakia Ulaya asitumie nafasi hii. Anamnyima mwingine, na watoto wanatambua mapema mtu ambaye macho yake yako kwingine.

Anza mwaka mzima kabla, kwa sababu lugha, pasipoti, cheti cha polisi na viza havikimbizwi. Mwone mchungaji wako, kisha ofisi ya dayosisi inayoshughulikia ushirikiano na makanisa ya nje. Nauli yangu ya ndege na bima vililipwa na mpango. Mtu akikudai laki kadhaa za "usajili" au "kuharakisha viza", usimpe kitu, nenda dayosisini ukaulize ana kwa ana.